Shingo iliyofungwa: uchambuzi wa watu 26 waliotembea huku wakiandika kwenye simu

Januari 2014 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti wa watu 26 uliofanyika Australia, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzao. Waliopimwa walitakiwa kutembea kwa mwendo wao wa kawaida, kwa kunyooka, umbali wa mita 8.5 hivi. Walifanya hivyo katika hali tatu: bila kutumia simu, wakisoma maandishi kwenye simu, na wakiandika kwenye simu. Hapakuwa na gari, wala shimo, wala mtu wa kupishana naye, na wote walikuwa na afya njema. Hata hivyo, katika hatua hizo chache mwendo wao ulibadilika, na sehemu ya mwili iliyobadilika kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni shingo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu simu na shingo yametawaliwa na mchoro mmoja. Wengi mmeuona kwenye makundi ya WhatsApp: mtu amesimama wima, kisha anainamisha kichwa kidogo kidogo, na kando yake zimeandikwa namba zinazopanda hadi kilo 27. Mchoro ule unatufundisha kuogopa uzito. Mimi naona tumeogopeshwa na jambo dogo, na lile kubwa limepita bila kusemwa. Kwa mtu anayetembea, jambo kubwa ni kwamba shingo yake huacha kufanya kazi inayomwezesha kutembea salama.

Kilichopimwa

Siobhan Schabrun, Paul Hodges na wenzao walitumia mfumo unaorekodi mwendo wa mwili katika pande zote tatu. Kwa hiyo hawakuishia kujua mtu alikwenda kwa kasi gani. Waliweza kuona kichwa, kifua na mikono vinavyosogea, kila kimoja peke yake, na kila kimoja kikilinganishwa na kingine.

Matokeo ya kwanza ni yale ambayo yeyote angeyatarajia. Mwenye simu alitembea polepole zaidi. Nyayo zake zilitua kwa kuyumba, hatua moja upande huu na nyingine upande ule. Kichwa kilikaa kimeinama. Aliyeandika aliathirika kuliko aliyesoma: alipunguza kasi zaidi na akatoka kwenye mstari zaidi.

Yanayofuata ndiyo yaliyonifanya niusome utafiti huu zaidi ya mara moja. Mtu akitembea bila simu, kichwa na kifua chake havisogei kwa pamoja. Kila kimoja kina mwendo wake, na shingo iliyo katikati ndiyo inayopokea tofauti hiyo. Kwa wenye simu tofauti hiyo ilipungua. Kichwa na kifua vilikwenda wakati mmoja na upande mmoja, iwe ni kuinama mbele, kulala kando au kuzunguka. Aliyeandika aliibana shingo hata kuliko aliyesoma. Lakini kichwa kilipopimwa kwa kulinganishwa na chumba, badala ya kifua, kilionekana kinazunguka zaidi kuliko pale mtu alipotembea bila simu.

Mtu anaweza kudhani matokeo hayo yanapingana. Shingo ilisogea kidogo, kichwa kikasogea zaidi. Hayapingani hata kidogo, na ukishaelewa kwa nini, utakuwa umekielewa kisa chote.

Kazi ambayo shingo huifanya kimya

Kila hatua tunayopiga inautikisa mwili. Kiwiliwili hupanda na kushuka sentimita chache. Nyonga huzunguka upande mmoja, mabega upande mwingine. Uzito huhama kutoka mguu huu kwenda ule. Kama kichwa kingefuata yote hayo, tusingeweza kusoma bango la dukani wala kutambua uso wa mtu tukiwa tunatembea. Tunaweza, kwa sababu shingo, yenye pingili saba na tabaka za misuli mirefu na mifupi, huupokea mtikisiko huo na kuupunguza kabla haujafika juu. Kifua kikizunguka kulia, shingo hukiacha kichwa kiendelee kutazama mbele. Mwili ukipanda, uso hushuka kidogo. Mwili ukishuka, uso huinuka. Hakuna anayeamua kufanya hivyo. Mwili wenyewe unajua.

Kuna sababu ya kichwa kutunzwa hivyo. Ndani ya kila sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, inayohisi kichwa kikizunguka, na kuna vijiwe vidogo sana vinavyohisi kichwa kikiinama au kikiongeza kasi. Ubongo hulinganisha taarifa hizo na zinazotoka machoni na zinazotoka kwenye misuli ya shingo, hasa ile midogo iliyo chini kabisa ya fuvu, ambayo ina vihisio vingi kuliko misuli mingi ya mwili. Kutokana na ulinganisho huo mtu hujua yuko wima au anaelekea kuanguka. Kichwa kilichotulia hurahisisha kazi hiyo. Macho nayo yana msaada wao: kichwa kikigeuka kushoto, macho hugeuka kulia kwa kiasi kilekile, ili kinachotazamwa kisitikisike.

Sasa mpe mtu huyo simu. Maandishi madogo hayasomeki yakiruka ruka. Simu imeshikwa na mikono, mikono imetoka mabegani, na mabega yamekaa juu ya kifua, kwa hiyo simu inakwenda na kifua. Ili macho yaisome, kichwa nacho hakina budi kwenda na kifua. Mwili unapata suluhisho lililo karibu: unaibana shingo na kuzituliza mikono, mpaka kichwa, kifua na simu vinasogea kama kitu kimoja. Ule mwitiko wa macho wa kugeuka kinyume na kichwa nao inabidi uzuiwe, maana sasa kinachotazamwa kinatembea pamoja na kichwa.

Kwa kusoma, hilo ni suluhisho zuri sana. Kwa kutembea, ni hasara, kwa sababu kifua kinaendelea kuzunguka kila hatua na sasa kinakizungusha kichwa pamoja nacho. Viungo vya usawa vilivyo masikioni, vilivyokuwa vimetunzwa visiyumbe, vinayumba na kiwiliwili. Schabrun na wenzake waliandika wazi kwamba ongezeko hilo la mwendo wa kichwa linaweza kuuathiri vibaya mfumo wa usawa.

Kwetu tunaweza kuliona jambo hili kwa kumtazama mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Yeye anaitumia shingo kwa lengo la kinyume kabisa. Ili maji yasimwagike, ndoo inatakiwa itulie hewani, kwa hiyo kila kilicho chini yake kinacheza: kiuno, nyonga, magoti. Kichwa chake kimetulia kwa kulinganishwa na dunia. Kichwa cha mwenye simu kimetulia kwa kulinganishwa na kifua chake tu. Macho ya mwenye ndoo yako njiani, na shingo yake inabeba mzigo wa kweli, kwani ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Waliona kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu waliyotumia kutembea. Sisemi kwamba kubeba maji hakuumizi. Kunaumiza, na bomba karibu na nyumba ni jambo ambalo kila mama anastahili. Ninachokionyesha ni kwamba uzito ulio juu ya shingo, peke yake, hautuambii kama mtu anatembea kwa usalama au hapana.

Zile kilo 27

Namba za kwenye mchoro zilitoka kwa Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, katika makala yake ya mwaka huohuo wa 2014. Kichwa kikiwa wima alikichukulia kuwa na kilo 5 hivi. Kikiinama nyuzi 15, nguvu inayoikandamiza shingo inafika kama kilo 12; nyuzi 30, kilo 18; nyuzi 45, kilo 22; nyuzi 60, kilo 27. Kanuni ya msingi ni ya kweli: kichwa kikienda mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kuvuta zaidi ili kisianguke, na mvuto huo ndio unaozikandamiza pingili.

Ila Hansraj hakumpima mtu yeyote. Alitumia kielelezo cha kompyuta cha shingo moja. Alichokipata ni makadirio ya nguvu katika mikao mbalimbali, na makala haikuonyesha kwamba nguvu hiyo inaleta maumivu au kuharibu pingili. Hapa ndipo mchoro ulipokwenda mbali kuliko makala yenyewe. Tena nyuzi 60 si mkao wa kawaida. Mwaka 2015 watafiti wa Korea Kusini waliwapima vijana 18 wakitumia simu na wakakuta vichwa vimeinama kati ya nyuzi 33 na 45 kwa kawaida, vikiinama zaidi mtu akiwa ameketi kuliko akiwa amesimama, na zaidi akiandika kuliko akitazama tu.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Rio de Janeiro, Brazili, wa vijana 150 wenye umri wa miaka 18 hadi 21. Mkao wao wa kutumia simu ulitathminiwa na wataalamu wa tiba ya viungo, na wao wenyewe pia waliulizwa wanakaaje. Wanaoinamisha shingo hawakuonekana kuwa na maumivu ya shingo zaidi ya wengine, wala kuyapata mara nyingi zaidi.

Naliandika hili kwa uangalifu, kwa sababu najua kuna mtu anasoma hapa huku shingo inamuuma, na sitaki aone maumivu yake yamedharauliwa. Misuli iliyoshikilia mkao mmoja kwa muda mrefu huchoka na kuuma, uwe unatazama simu, unashona cherehani au unasahihisha madaftari. Dawa ya uchovu huo ni kubadilisha mkao mara kwa mara na kuipa shingo mazoezi ya nguvu, kuliko kutafuta pembe moja sahihi na kuganda hapo. Na maumivu yanayoshuka mkononi, ganzi ya vidole, mkono unaopoteza nguvu au miguu inayoyumba bila sababu ni mambo ya kupeleka hospitali mapema, simu ikiwepo au isiwepo.

Lakini mtu aliyeketi kwenye kochi akiwa ameinama nyuzi 45 na mtu anayevuka barabara akiwa ameinama nyuzi 45 wana shingo zilizo katika pembe moja na hatari zisizofanana kabisa. Mchoro wa kilo hauwezi kuwatofautisha. Utafiti wa Queensland unaweza.

Macho au akili?

Mtu anaweza kusema: tatizo ni kwamba hatazami njia, basi. Ni kweli kwa sehemu, na hesabu yake si ngumu. Uwezo wetu wa kuona juu ya pale tunapotazama unaishia kama nyuzi 60. Kichwa kikiinama nyuzi 40 na macho yakashuka nyuzi 20 zaidi ili kuifikia simu, basi kilicho mbele yako sawa na kimo cha macho, kama uso wa mtu anayekuja au kioo cha mbele cha gari, kiko kwenye ukingo wa mwisho kabisa wa unachoweza kuona, mahali ambapo jicho halitambui umbo, linahisi tu kwamba kuna kitu kimepita. Sehemu ya chini, inayokuonyesha mguu unakanyaga wapi, imezibwa na simu na mikono. Kwenye ardhi yenye mawe na mashimo, mtu hutazama kama hatua mbili mbele ya pale alipo, na anahitaji kupaona kabla mguu haujafika. Mwenye simu hana hatua hizo mbili.

Hata hivyo macho hayaelezi kila kitu. Mwaka 2012 Eric Lamberg na Lisa Muratori wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, walichapisha jaribio la vijana 33. Kila mmoja alionyeshwa alama iliyo mita 8 mbele, kisha akafunikwa ili asione sakafu wala alama hiyo, akatakiwa kutembea hadi pale kwa kumbukumbu. Walirudi tena kwa kipimo cha pili, baadhi wakitembea vilevile, baadhi wakizungumza na simu, baadhi wakiandika. Kwa kuwa wote walikuwa wamezuiwa kuona njia, kuitazama simu hakukuwapunguzia chochote cha kuona. Bado walioandika walipunguza kasi kwa asilimia 33, wakapotoka pembeni kwa asilimia 61 zaidi na kutembea umbali mrefu kwa asilimia 13. Waliozungumza walipunguza kasi kwa asilimia 16.

Maana yake ni kwamba kuandika kunachukua sehemu ya akili inayoshikilia njia. Tukiliunganisha hilo na yale ya Queensland, mtu anayeandika huku anatembea anapoteza vitu vitatu kwa mara moja: anachokiona, kumbukumbu ya anakokwenda, na uthabiti wa kichwa ambao ungemsaidia kusimama imara akijikwaa. Hiki cha tatu ndicho kisichozungumzwa, na ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu anaweza kujidanganya kuhusu viwili vya mwanzo. Anaweza kusema "nainua macho kila baada ya hatua mbili tatu". Huenda anainua kweli. Lakini simu ikiwa bado mikononi na neno halijaisha, mwili una kila sababu ya kuendelea kuibana shingo, maana muda si mrefu macho yatarudi kwenye kioo.

Mita 8.5 za barabarani

Mita 8.5 ni zaidi kidogo ya upana wa barabara ya njia mbili. Ni umbali wa kuvuka. Kila anayefika upande wa pili ametembea takriban kile ambacho wale 26 walikitembea, isipokuwa wao waliachiwa njia peke yao.

Chukua Dar es Salaam, eneo la Kariakoo, saa kumi na moja jioni. Ukingoni mwa barabara kuna wamachinga waliotandaza bidhaa, kwa hiyo mtembea kwa miguu anasukumwa barabarani. Bodaboda inakuja kinyume na magari, maana dereva amekwepa foleni. Mkokoteni uko nyuma yako. Mtaro una mfuniko hapa na hauna pale. Kwenye Barabara ya Morogoro mambo ni mengine: tangu Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia zake katikati, na anayetoka kituoni anavuka kwanza njia ya basi lisilokwamishwa na foleni, ndipo aingie kwenye magari ya kawaida. Nairobi ina matatu zake na Mombasa ina tuktuk zake, na kote huko anayetembea anaokolewa na uwezo wa kugeuza kichwa haraka: kulia, kushoto, kulia tena, na nyuma ya bega.

Kugeuza kichwa bila kugeuza kifua ni kazi ya shingo. Ni uleule mwendo ambao wale waliokuwa wakiandika waliupunguza. Mtu aliyeziunganisha kichwa, kifua na simu akisikia honi, hana budi kwanza kuifungua shingo, kisha kuinua uso, kisha kulitafuta gari, kisha kulikadiria. Bodaboda haimsubiri amalize mlolongo huo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano ni mtembea kwa miguu. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote. Wameuawa na mwendo kasi, na barabara zisizo na njia ya miguu, na vivuko visivyoheshimiwa. Sipendi kabisa kuona lawama ikihamishiwa kwa anayetembea, na simu isitumike kama kisingizio cha kutojenga njia za miguu. Lakini kwa sababu barabara zetu hazisamehi, yule anayezipita kwa miguu anahitaji kila msaada ambao mwili wake unampa, na shingo huru ni mmoja wa misaada hiyo.

Kuna wanaoshauri kuinua simu hadi usawa wa uso. Kwa aliyeketi, ni ushauri mzuri unaopunguza kuinama. Kwa anayetembea unarekebisha pembe tu. Simu iliyoinuliwa inaziba njia iliyo mbele, mikono inachoka upesi, na bado kichwa kitatakiwa kwenda na kifua ili maandishi yasomeke. Vilevile inakuwa rahisi zaidi kuporwa na vibaka wa pikipiki, jambo ambalo mkazi wa Dar au Nairobi hahitaji kuelezwa. Ujumbe wa sauti ni nafuu kuliko kuandika, kwa kuwa unayaacha macho njiani, lakini kurekodi huku unavuka hakufai, kwani hata waliozungumza tu kule Stony Brook walitembea tofauti. Kama kuna jambo moja la kuanza nalo leo, liwe ni kuandika. Kati ya kusoma na kuandika, kuandika ndiko kulikoibana shingo zaidi na kuwatoa watu kwenye mstari zaidi. Neno "nakuja" linaweza kuandikwa kabla ya kuondoka mlangoni.

Anayekuja mbele yako

Shingo iliyofungwa inamhusu pia mtu wa pili. Tunapopishana kwenye njia nyembamba, hatusemi neno. Kila mmoja anasoma uso, mabega na mwelekeo wa mwenzake, anahama kidogo, na mwenzake anahama kidogo. Mwaka 2021 Hisashi Murakami na wenzake huko Japani walichapisha katika jarida la Science Advances majaribio ya makundi mawili ya watu 27 yaliyopishana kwenye njia moja. Watatu wa kundi moja walipewa simu wafanye hesabu ndogo huku wakitembea. Watatu hao walipowekwa mbele ya kundi lao, kundi zima lilipungua kasi, na ile mistari ambayo watu huifanya wenyewe wanapopishana ilichelewa kutokea. Hata wasiokuwa na simu walishindwa kukwepa vizuri, kwa sababu kukwepana ni kazi ya watu wawili na mmoja wao hakuwa anashiriki. Kichwa kilichoinama kinaficha uso, na kichwa kinachokwenda na kifua hakimwonyeshi mwenzako unataka kuelekea wapi.

Miji kadhaa imejaribu kulishughulikia jambo hili kwa sheria. Honolulu, Hawaii, ilianza mwezi Oktoba 2017 kumtoza faini anayevuka barabara akitazama simu, dola 15 hadi 35 kwa kosa la kwanza. Ninaloliona kuwa na busara zaidi ni la mji wa Yamato, mkoa wa Kanagawa, Japani. Januari 2020 mji huo uliwatazama wapita njia wapatao 6,000 karibu na vituo vyake vya treni na kukuta asilimia 12 wanatumia simu huku wanatembea. Tarehe 1 Julai 2020 sheria ndogo yake ikaanza kufanya kazi. Haina faini wala adhabu yoyote, na haikatazi kuandika ujumbe mahali pa watu. Inamtaka anayetumia simu asimame kwanza, tena mahali ambapo hawazuii wengine kupita.